Bibi Harusi wa Udongo

Sehemu ya saba

Nani amemuua bibi harusi?

Swali hilo liliulizwa katika uwanja wa chuo, alasiri ya kuamkia kilele cha Msimu wa Sanaa, na hapakuwa na mtu aliyelijibu. Hata mimi ninayewasimulia sina jibu, walau kwa sasa.

Mlio tuliouacha wiki jana masikioni mwa Salome haukuwa mkubwa. Ulifanana na wa chungu kinachopasuka jikoni kwa jirani. Lakini ufa ulioufuata ulianzia kinywani, ukashuka taratibu kama mtu ashukaye ngazi, ukakata mkufu wa shanga waliomvisha asubuhi, ukafika mguuni. Moshi ukaacha kupanda juu. Ukatokea ubavuni.

Shanga zikadondoka moja moja kwenye majivu.

Kwa wewe uliyetufikia leo, bibi harusi huyo hakuwa binadamu. Alikuwa ilungu, tanuru la udongo wa kichuguu, refu kupita mtu aliyebebwa mabegani na mwenzake, la namna ambayo Wafipa wa zamani waliyeyushia mawe ya chuma. Wazee hao waliliita mke. Walilipamba, wakaliimbia, na aliyeliwasha aliapa kutomgusa mwanamke mpaka chuma kitoke.

Wanafunzi wa kitengo cha sanaa walikuwa wamelijenga upya kwa mikono yao, na kesho yake lilikuwa liolewe mbele ya mgeni rasmi. Wavulana walikuwa upande wa mume. Wasichana walikuwa upande wa mke, nao kiongozi wao alikuwa Salome, binti wa wakulima wa Msanzi, mwaka wa pili. Pande hizo mbili hazikuruhusiwa kusemezana mpaka siku ya ndoa. Neno lilipita kwa mshenga tu.

Salome alikuwa mlinzi mkali wa sheria hiyo. Siku Sharon, rafiki yake, mtoto wa mfanyabiashara wa Majengo, alipomwambia mvulana mmoja "mambo" kwenye foleni ya chakula, Salome alimtoza adhabu ya kuteka maji ya kukandia udongo.

"Kwa neno moja?" Sharon aliuliza siku ile.

"Kwa neno moja. Tukiigiza mila nusu, tutakuwa tumecheza ngoma ya watalii."

Hakujua kwamba angekuja kulikumbuka jibu hilo akiwa amepiga magoti.

Sasa walisimama, wavulana huku, wasichana kule, na miombo nyuma ya uwanja ikiwa imevaa majani mapya mekundu. Kwa ajili ya majani hayo chuo kilikuwa kimeuita msimu wake wa sanaa Msimu wa Majani Mapya. Jina lilikuwa zuri kuliko msimu wenyewe. Jioni ya mashairi ilihudhuriwa na washairi na mbuzi wa mlinzi. Maonyesho ya michoro yalichukuliwa na upepo wa Ufipa, michoro ikaokotwa mtaa wa pili. Lilibaki tanuru.

Na bodi ya chuo ilikwisha kutamka bila kuficha: kitengo cha sanaa kisipoonyesha kitu cha kuonekana kwa macho mwaka huu, kitafungwa.

"Nani amelala nje?"

Aliyeuliza alikuwa Mzee Adriano, mshenga. Alikuwa ndiyo kwanza ameshuka kwenye gari la Msanzi, alikokwenda kumzika mtoto wa dada yake, na vumbi la njiani lilikuwa limemfika kwenye nyusi. Baba yake alikuwa mmoja wa waliowasha malungu ya mwisho, naye ndiye aliyewafundisha vijana hawa kila walichokijua.

"Shikamoo, babu," wasichana walisema, wakichuchumaa na kupiga makofi mepesi.

Hakuitikia. Alilizunguka tanuru, akauweka mkono wake juu ya ufa, akauondoa kwa joto.

"Nimewauliza. Mke hapasuki bure. Mke hupasuka moyo, na moyo wa mke hupasuka mumewe akionekana kwingine. Nani amelala nje?"

Macho ya wavulana yote yalikwenda kwa Yonas.

Yonas ndiye aliyekuwa bwana harusi. Mti wa kuchochea moto ulikuwa bado mkononi mwake.

"Mbona mnaniangalia?"

"Mshikaji," mmoja akasema taratibu, "Jumapili si ulionekana Milanzi?"

"Nilikwenda kunyoa."

"Kinyozi gani huyo anafunga mlango wateja wakiwa nje?"

Kicheko kikapita, kifupi, kisicho na furaha. Uso wa Yonas ukabadilika. Salome alimjua kijana huyo tangu mwaka wa kwanza: angeweza kuchukua tusi, lakini si kicheko.

"Yule ni binti wa mama mdogo," alisema. "Aliniomba nimtengenezee kitasa. Mnataka niwaletee kitasa?"

"Lete na binti."

Yonas aliutupa ule mti. "Haya. Ni mimi. Kama roho zenu zitatulia, ni mimi niliyemuua." Akageuka akaelekea bwenini, na hakuna aliyemwita.

Salome alitaka kumwita. Sauti ilifika kooni, ikakumbuka sheria, ikarudi.

"Atafungasha," Sharon alinong'ona. "Namwona kabisa. Kesho kitengo hakitakuwa na tanuru wala bwana harusi."

Hawakupata muda wa kuliwaza hilo. Kutoka ofisini alikuwa akija Mwalimu Jafeti, makamu mkuu wa chuo, mtu wa Mbeya mwenye haraka ya kudumu, mikono ya shati ikiwa imekunjwa. Nyuma yake alikuja fundi mwenye mfuko wa saruji begani.

"Nimeona moshi nikiwa dirishani," Mwalimu alisema. "Limepasuka?"

"Amepasuka," Salome alimsahihisha.

"Vyovyote. Fundi, angalia. Utaziba?"

Fundi aliinama, akachungulia, akasonya. "Nitaziba, mwalimu. Nikipaka na tope juu, mtu wa mbali hataona."

"Vizuri. Sasa sikilizeni, vijana wangu, na msinikatize." Mwalimu Jafeti aliwatazama wote kwa pamoja, kama darasa. "Kesho ndani ya hiki kitu hamtaweka mawe wala mkaa. Mtaweka matairi. Tunataka moshi, na moshi wa tairi hauna mpinzani. Pale Majengo nimezungumza na mhunzi, ananipa kipande cha springi ya gari. Kitakaa motoni nyuma, palipofichika. Mgeni rasmi akishakaa, mnaimba wimbo wenu, mnakichomoa kikiwa chekundu. Vigelegele. Tumemaliza."

Upepo ulivuma. Turubai lililokuwa limefungwa kwenye mti likapigapiga.

"Hicho si chuma cha mawe yetu," Salome alisema.

"Nani atajua?"

"Sisi tutajua, mwalimu."

"Ninyi si wageni rasmi." Hakulisema kwa ukali. Alilisema kwa uchovu, na uchovu huo ndio uliomwumiza Salome. "Binti, bodi imegawanyika. Wapo wanaotaka kufunga leo, wapo wanaosubiri sababu ya kutofunga. Mgeni akiondoka anatabasamu, tunapata mwaka mmoja. Mmoja tu, lakini ninyi mtamaliza masomo yenu. Nipe njia nyingine, nami nitaifuata."

Salome hakuwa na njia nyingine. Alimtazama Mzee Adriano.

Hapo palikuwa na tumaini lake lote. Mzee huyu ndiye aliyewahi kubomoa ukuta mzima kwa sababu mtu mmoja alichanganya mchanga. Mzee huyu ndiye aliyekataa kula chakula cha bwalo kwa sababu wali, kwa maneno yake, haujengi ilungu. Sasa angefungua kinywa, na Mwalimu Jafeti angerudi ofisini na mfuko wake.

Mzee aliutazama mfuko kwa muda mrefu.

"Hiyo saruji," aliuliza, "itakauka kufika kesho?"

"Hii ni ya kukauka upesi, mzee," fundi alijibu.

"Basi tieni."

Salome alidhani hakusikia vizuri. "Babu?"

"Nimesema watie."

"Lakini babu, wewe mwenyewe ulitufundisha..."

"Niliwafundisha, ndiyo." Alikaa juu ya gogo, mkoba wake mapajani. "Mjukuu wangu, nimetoka kuzika. Mwaka huu sijui nimeshika koleo mara ngapi. Nataka kuona moshi unatoka juu, mara moja, kama nilivyouona nikiwa mgongoni mwa mama. Ukiwa wa tairi, macho yangu yameharibika. Hayatanisaliti."

Mtu anapokata tamaa kwa sauti ya chini namna ile, kumjibu ni kumkosea adabu.

"Wasichana," Mwalimu Jafeti alisema, naye sauti imepungua, "ondoeni majivu pale chini fundi afanye kazi."

Salome alipiga magoti kwenye mguu wa tanuru. Akakwangua majivu, akakusanya shanga kwenye kiganja. Moja ilikuwa imetumbukia ndani ya ufa. Akaingiza vidole kuifuata.

Vidole vikagota kwenye ubaridi.

Nje, udongo ulikuwa wa moto kama kikaango. Ndani, pale chini kabisa, ulikuwa tope. Alivitoa vidole vyake. Vilikuwa vyeusi, vinanuka mvua.

Msomaji, swali tulilofungulia lilijibiwa hapo, katika mkono wa mtu ambaye hakuna aliyemtuhumu.

Usiku wa kuamkia juzi, mzee akiwa msibani, mvua ilikuwa imenyesha kabla ya wakati wake, mvua ya radi, ile ya kuja mara moja na kuondoka bila kuaga. Wasichana walimfunika bibi harusi kwa turubai, lakini turubai lilifika kiunoni tu. Maji yalitiririka uwanjani yakamwingia miguuni. Asubuhi yake wavulana walikuwa porini wanachoma mkaa, na wasichana walikuja kumpaka uji wa unga wa ulezi, mapambo ya mke anayeolewa. Kiganja cha Salome kilizama. Kidogo tu, kama katika shavu la mtoto.

Sharon aliona. "Mwambie Yonas udongo bado mbichi," alisema siku ile. "Wasije wakawasha."

Naye Salome alijibu nini? Alijibu, kwa fahari ya mtu anayeijua mila: "Wakwe hawasemi na upande wa mume. Mshenga akirudi atawaambia."

Kisha Mwalimu Jafeti akawahisha kilele kwa siku moja kwa sababu mgeni rasmi alikuwa na safari. Wavulana wakaona muda umewabana, wakawasha moto wa kumpasha bibi harusi mchana wa leo. Wasichana walikuwa wamesimama upande wao. Salome alimwona Yonas akiinama na kijinga cha moto. Aliuma mdomo. Aliitazama barabara ya Msanzi. Gari la mshenga lilikuwa halijafika.

Alinyamaza kwa sababu alitaka kuwa mwaminifu.

Sharon alikuwa amechuchumaa kando yake, akiviangalia vile vidole vyenye tope. Hakushangaa.

"Ulijua," Salome alisema.

"Tangu ule mlio."

"Mbona hukusema?"

"Nilisubiri uniruhusu." Sharon alichota majivu, akayamwaga. "Mara ya mwisho niliteka maji wiki nzima."

Salome alinyanyuka. Hakujifuta mikono. Alivuka uwanja, akaupita mstari wa mawe uliotenganisha pande mbili, na minong'ono ikaanza nyuma yake, kwa maana hakuna mkwe aliyewahi kuuvuka. Alimkuta Yonas kwenye lango la bweni, begi begani.

"Yonas."

Kijana alimtazama, kisha akageuza uso pembeni, kuelekea alikoketi Mzee Adriano mbali kule.

"Mshenga," alisema kwa sauti ya kusikika, "mwambie mkwe wangu kwamba simsikii."

"Acha, Yonas. Mwiko haukuvunjwa na wewe. Mguu ulikuwa na maji. Niliushika juzi, mkono ukazama."

Polepole akamgeukia.

"Juzi?"

"Juzi."

"Na leo nawasha moto, umesimama pale. Nilikuona. Nikadhani unasali."

"Nilikuwa namsubiri mshenga."

"Ungepiga kelele tu, Salome. Ungerusha jiwe. Ungeangua kilio." Alitikisa kichwa. "Watu wanapita barabarani huko, wanapayuka mchana kutwa, na wewe neno moja la kuokoa kazi ya watu wote ulikuwa unalitunzia adabu."

"Ndiyo."

"Sasa umekuja ili nifurahi kwamba si mimi?"

"Nimekuja ili usiondoke ukiwa umebeba la mwenzio."

Yonas aliliweka begi chini. Hakusema amesamehe, na uso wake haukuonyesha hivyo. Alimfuata uwanjani kwa nyuma, mbali kidogo, kama watu wawili wanaokwenda njia moja kwa bahati mbaya.

Fundi alikuwa ameshatia maji kwenye saruji. Koleo lilikuwa limejaa, limeinuliwa. Salome akasimama kati ya koleo na ufa.

"Dada, pisha. Hii ikiganda kwenye karai ni hasara."

"Ngoja kidogo, kaka. Babu, nina swali moja kwako, kama mshenga."

Mzee Adriano aliinua macho.

"Binti akiposwa, akafa kabla hajaingia kwa mumewe, maiti ni ya nani?"

Mzee aliona swali linakoelekea, na hakupenda linakoelekea.

"Babu."

"Ni ya kwao."

"Upande wa mume una amri gani juu yake?"

"Hauna. Wao huja kulia tu, na kurudi."

"Na kwao bibi harusi huyu ni wapi?"

Mzee aliuvuta mkoba wake kifuani. "Ni kwenu," alisema hatimaye. "Ninyi wasichana."

"Binti," Mwalimu Jafeti aliingilia, "mchezo umekwisha. Mimi nazungumza juu ya bodi."

"Nami nazungumza juu ya bodi, mwalimu. Mgeni akitabasamu kesho, watakaokuja mwakani watafundishwa saruji na tairi, na wataamini ndivyo Wafipa walivyofua chuma. Na Yonas atabaki kuwa aliyevunja mwiko, kwa sababu tutakuwa tumeuziba ukweli humo humo ndani. Si yeye aliyemuua. Mguu ulikuwa mbichi. Mimi nilijua, nikanyamaza."

Minong'ono ilikatika. Yule kijana wa utani wa kinyozi akaanza kuchunguza kucha zake.

Mzee Adriano alifumba macho. "Ulijua," alisema, si kwa kuuliza. "Mimi niliwaambia msisemezane. Sikuwaambia moto ukiingia nyumbani mnyamaze."

"Hukutuambia, babu. Na mimi sikujiuliza."

"Mwalimu mbaya ni mimi."

"Na mwanafunzi mbaya ni mimi."

Mwalimu Jafeti alimtazama Salome kama mtu anayetazama gari lililomwacha. "Unajua utakachokifanya? Hawa wenzako wasichana watamalizia wapi masomo?"

Salome aligeuka. Hilo alikuwa hajaliuliza, na ilikuwa haki waulizwe. Wasichana walikuwa wamesogea wote. Hakuna aliyetabasamu. Mmoja alikuwa akilia bila kujificha, kwa maana baba yake alikuwa ameuza mahindi ya akiba ili afike hapo.

"Mimi nitauza vitenge na mama," Sharon alisema. "Nilijua itakuwa hivyo tangu mbuzi alipokuja kwenye mashairi."

Yule aliyekuwa akilia akaja akasimama kando ya Salome, kati ya koleo na ufa, akiendelea kulia. Wakafuata wengine, mmoja mmoja.

"Mimi sina wimbo wa maiti ya ilungu," Mzee Adriano alisema kutoka kwenye gogo. "Baba hakuwahi kufiwa na hata moja. Ninao wa harusi tu. Mtamzika kwa wimbo gani?"

"Tutamzika bila wimbo, babu."

Mzee aligeuza uso wake kuelekea kwenye miombo, na hakuugeuza tena.

Saruji ilikuwa inaanza kuganda kwenye karai. Fundi alimtazama Mwalimu, Mwalimu akamtazama Salome, na Salome, mikono yake ingali na tope, akawatangazia wote, pande zote mbili, kwa sauti ambayo ingewafaa sana mchana ule kabla moto haujawashwa:

"Kesho hakuna harusi. Kesho saa nne tunambomoa bibi harusi na kumrudisha kwenye kichuguu alikotoka. Mgeni rasmi akifika, mimi ndiye nitakayempokea, na nitamwambia kwamba msiba ni wetu, na kwamba aliyenyamaza ni mimi."